Chupa Tatu za Nistatini: Uchambuzi wa Kisa cha Utando Mweupe Usiokwisha, Mikindani

Mwishoni mwa msimu wa korosho alifika kwenye dirisha letu la kugawia dawa mama mmoja wa miaka 64, mkazi wa Mikindani, akifuatana na mjukuu wake wa darasa la sita. Baada ya salamu alifungua mfuko wa kitambaa, akatoa chupa tatu tupu za nistatini, dawa ya maji ya kutibu fangasi wa kinywa, na kuzipanga juu ya meza. "Mwanangu, hizi zote nimezinywa zikaisha, na mdomo bado unawaka," alisema. Aliomba dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Jirani yake alikuwa amemtajia vidonge vya flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi.

Ameniruhusu kukieleza kisa chake bila kutaja jina. Nakieleza kwa urefu kwa sababu nilipomaliza kumsikiliza niliamini, na bado naamini, kwamba katika wiki zote tatu za matibabu dawa ile ilikaa mahali penye ugonjwa kwa dakika chache mno kuweza kufanya kazi yake, na kwamba sisi tunaogawa dawa tulikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo.

Historia na uchunguzi

Miezi saba kabla ya siku hiyo alikuwa ameugua mkanda wa jeshi upande wa kulia wa kifua. Malengelenge yalipona, lakini maumivu ya mishipa ya fahamu yalibaki, na daktari akamwanzishia amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Maumivu yalipungua. Kinywa nacho kilianza kukauka, hata akawa anatembea na chupa ya maji kila aendako na kupiga funda kila baada ya muda mfupi. Miezi miwili baada ya kuanza dawa hiyo alipata hisia ya kuwaka kwenye kaakaa, ladha ya chakula ikapotea, na mjukuu akamwambia kwamba ulimi wake umekuwa mweupe.

Alipewa nistatini mara tatu katika vituo viwili tofauti: kila mara chupa ya mililita 30, dropa moja ya mililita 1 mara nne kwa siku, kwa siku saba. Kipimo hicho kinatumika katika miongozo kadhaa, ingawa ipo mingine inayompa mtu mzima mililita 4 hadi 6 kwa mara moja. Kila chupa ilimpa nafuu ya siku mbili tatu, kisha hali ikarudi ilivyokuwa.

Nilimwomba avue meno yake ya bandia. Alikuwa na meno ya juu yote ya akriliki (plastiki ngumu), aliyoyavaa kwa miaka tisa bila kuyavua usiku, kwa kuwa aliona haya kuonekana bila meno hata ndani ya nyumba yake. Kaakaa lililokuwa chini yake lilikuwa jekundu kabisa, na mpaka wa wekundu huo ulifuata ukingo wa meno ya bandia kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Ndani ya mashavu na juu ya ulimi kulikuwa na utando mweupe uliotoka kwa kufutwa na kitambaa laini, ukiacha ngozi nyekundu yenye kuuma. Pembe ya kushoto ya mdomo ilikuwa imechanika.

Kutoka huko kwa utando ni dalili ya kutazamwa kwa makini katika ukanda wetu, ambako wazee wengi wamekaa miaka mingi na ugoro mdomoni. Alama nyeupe inayosababishwa na tumbaku haifutiki, na mgonjwa mwenye alama ya namna hiyo anapaswa kupelekwa kwa daktari wa kinywa bila kucheleweshwa. Niliuliza pia kuhusu kubangua korosho, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo ya mtu anayejifuta uso kwa mikono isiyonawa. Alikuwa ameacha kazi hiyo siku nyingi. Kipimo cha virusi vya UKIMWI, ambacho hakiwezi kurukwa kwa mtu aliyepata mkanda wa jeshi na kisha utando mdomoni, hakikuonyesha maambukizi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 5.4 kwa lita, kiwango cha kawaida. Hakuwa na maumivu wala shida ya kumeza, jambo lililopunguza wasiwasi wa fangasi kushuka kwenye koo la chakula.

Mwisho nilimpa kikombe kidogo chenye alama za vipimo, nikamwomba ainamishe kichwa na kuacha mate yadondoke ndani yake kwa dakika tano bila kutafuna wala kusogeza ulimi. Yalipatikana mililita 0.4, yaani mililita 0.08 kwa dakika. Mtu mwenye mate ya kawaida, akiwa ametulia, hutoa takriban mililita 0.3 kwa dakika, na chini ya 0.1 huhesabiwa kuwa ni ukavu wa kinywa usio na shaka.

Neno lililoandikwa kwenye chupa

Nilimwomba mjukuu anionyeshe, hatua kwa hatua, jinsi anavyompa bibi yake dawa. Alikuwa mtoto makini. Alitikisa chupa, akavuta dawa hadi kwenye mstari wa dropa, akamwekea bibi katikati ya ulimi, bibi akameza papo hapo, kisha mtoto akampa glasi ya maji. "Ya kusukumia," alieleza. Meno ya bandia yalikuwa mahali pake muda wote huo.

Kwenye chupa zote tatu maelezo yalikuwa yaleyale kwa kalamu ya wino: "Kunywa 1 x 4".

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Katika Kiswahili chetu cha kila siku dawa yoyote inayopitia mdomoni hunywewa. Vidonge tunavinywa, ingawa havina umajimaji; dawa ya minyoo tunainywa, na dawa ya kikohozi tunainywa. Neno hilo limekuwa na maana ya kutumia dawa kwa ujumla, na mtu aliyelelewa na lugha hii akilisoma atafanya analofanya siku zote: atameza, kisha atasukumia kwa maji. Lakini lugha hiyohiyo ina maneno mengine yanayotofautisha kazi za mdomo kwa umakini mkubwa. Tunasukutua maji ya chumvi, tunamumunya peremende, tunalamba asali, na wazee wetu huvuata ugoro. Kila moja la maneno haya linamwambia mtu kitu hicho kikae wapi na kwa muda gani. Sisi tunaogawa dawa tumeyaacha yote na kuandika "kunywa" kwenye kila kifuko, na kisha tunamlaumu mgonjwa kwamba hafuati maelezo. Mama huyu alikuwa ameyafuata maelezo yetu herufi kwa herufi.

Mate yanavyoiondoa dawa

Ili kupima hasara iliyotokana na funda lile la maji, inafaa kuujua mwendo wa mate. Colin Dawes, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, mwaka 1983 alitoa hesabu ya namna sukari inavyoondolewa kinywani, na vipimo vilivyofuata viliipa hesabu hiyo tarakimu. Baada ya kumeza, kinywani hubaki wastani wa mililita 0.8 za mate. Tezi zinaendelea kutoa mate mapya mpaka yanapofika kama mililita 1.1, ndipo mtu anameza tena bila hata kuwaza. Kila anapomeza, takriban asilimia 27 ya kilichoyeyuka ndani ya mate hushuka nayo. Kwa mtu anayetoa mililita 0.3 kwa dakika, mzunguko huo huchukua dakika moja, na kwa hiyo nusu ya kitu chochote kilichoyeyuka kinywani huwa imeondoka baada ya dakika mbili na sehemu ndogo. Baada ya dakika kumi hubaki asilimia 4 hivi.

Sasa tuiweke nistatini ndani ya hesabu hiyo. Mililita 1 ya dawa ina yuniti 100,000. Ikiongezwa kwenye mililita 0.8 za mate yaliyomo, jumla ni mililita 1.8. Mgonjwa akimeza mara moja na kubakiwa na mililita 0.8, zaidi ya nusu ya dozi imekwisha kwenda tumboni, na zimebaki yuniti 44,000 hivi. Akifuatisha funda moja la maji la mililita 30 na kulimeza, kilichobaki kinapungua hadi yuniti 1,100, yaani kama asilimia 1 ya dozi. Mama huyu alikunywa glasi nzima. Ni kweli kwamba hesabu hii inadhani kila kitu kinachanganyika sawasawa, na nistatini si sukari: haiyeyuki vizuri kwenye maji, chembechembe zake huelea ndani ya dawa na nyingine hunasa kwenye mikunjo ya ngozi laini ya kinywa. Kwa sababu hiyo chupa inatakiwa kutikiswa vizuri. Hata hivyo mwelekeo wa hesabu haubadiliki, na unatosha kueleza nafuu ya siku mbili tatu isiyofika kwenye kupona.

Kilichoingia tumboni nacho hakikuwa na njia ya kurudi. Nistatini haifyonzwi na utumbo kwa kiasi cha maana. Hupita na kutoka na choo. Dawa hii, iliyogunduliwa mwaka 1950 na Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown walipokuwa wakifanya kazi katika idara ya afya ya jimbo la New York, ambalo ndilo lililoipa jina, hufanya kazi kwa kugusana na fangasi moja kwa moja: hujibandika kwenye ergosteroli, mafuta yaliyomo katika ngozi ya chembe ya fangasi, na kuitoboa mpaka vya ndani vikavuja. Isipogusana naye, haimdhuru.

Kuna jambo moja la kushangaza katika tarakimu za mgonjwa huyu. Kwa mate yake ya mililita 0.08 kwa dakika, angehitaji karibu dakika nne kujaza kiasi cha kumlazimisha kumeza, badala ya dakika moja. Dawa ilipaswa kukaa kinywani mwake muda mrefu kuliko kwa mtu wa kawaida, hata tukikumbuka kwamba mtu mkavu hubakiwa na mate kidogo zaidi baada ya kumeza. Ukavu uleule uliomletea ugonjwa ungeweza kumsaidia kuuponya. Lakini ukavu huohuo ndio uliomfanya awe na chupa ya maji mkononi kutwa nzima, na kila funda lilikuwa likifagia kile ambacho mate yake hayakuwa na nguvu ya kukifagia.

Mate, ikumbukwe, hayana kazi ya kuosha tu. Ndani yake mna protini za lisozimu, laktoferini na histatini, ambazo humzuia fangasi asishike na asizidi. Amitriptilini huzuia ujumbe wa mishipa ya fahamu unaoziamuru tezi zitoe mate, na kinywa kikabaki bila mlinzi wake.

Swali la ndugu yake wa Lindi

Nilipokuwa nikimweleza kwamba dawa inatakiwa kukaa mdomoni, aliniuliza swali zuri. Kaka yake anayeishi Lindi ana ugonjwa wa moyo, na amepewa kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Kidonge hicho kinamalizika upesi na kifua kinaachia. Je, na hii yake isiwekwe chini ya ulimi?

Kidonge cha kaka yake ni nitrogliserini, na kinatakiwa kufanya jambo tofauti kabisa. Kinatakiwa kupenya na kuingia kwenye damu. Ngozi laini iliyo chini ya ulimi ni nyembamba, yapata mikromita (elfu moja ya milimita) 100 hadi 200, haina tabaka gumu la keratini, na mishipa ya damu ipo karibu sana. Ile ya shavu ni mara kadhaa zaidi kwa unene, mikromita 500 hadi 800. Ya ufizi na kaakaa la juu si nene hivyo, lakini ina keratini, kwa sababu imeumbwa kuhimili kusuguliwa na chakula, na kwa hiyo dawa huipenya kwa shida kuliko sehemu nyingine zote. Nitrogliserini ni molekuli ndogo inayopenda mafuta. Hupita kwenye ngozi ile kwa dakika moja hadi tatu, huingia kwenye vena za shingo na kufika moyoni bila kupitia kwanza kwenye ini. Ikimezwa, sehemu yake kubwa huharibiwa na ini kabla haijamsaidia mtu. Nilimwambia amkumbushe kaka yake kwamba kinywa kikiwa kikavu alowanishe ulimi kwanza, kwa kuwa kidonge kisichopata unyevu hakiyeyuki, na kisichoyeyuka hakipenyi.

Molekuli ya nistatini ni kubwa mara nne kwa uzito, na haipenyi ngozi ya kinywa hata ikiwekwa mahali palipo pembamba kuliko pote. Halafu chini ya ulimi ndipo panapofagiwa upesi zaidi, maana matundu ya tezi zinazotoa sehemu kubwa ya mate ya wakati wa utulivu hufungukia hapo. Utandu mwembamba wa mate unaopaka kinywa, wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, hutembea kwa kasi isiyolingana: upande wa ndani wa meno ya chini huweza kusogea milimita 8 kwa dakika, na nyuma ya mdomo wa juu, mbele, haufikii hata milimita 1. Dawa inayotakiwa kukaa iwekwe mashavuni, ikienezwa kwa ulimi hadi nyuma ya midomo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Yaani niivuate kama marehemu mama alivyokuwa akivuata ugoro." Sikuwa na maneno bora kuliko hayo. Mama yake alikuwa akiweka ugoro kati ya shavu na ufizi na kuuacha hapo hadi ukolee. Wazee wanaoutumia hufahamu pia kwamba ugoro usiotiwa magadi haukolei, na wako sahihi kikemia: magadi hupandisha ualkali wa mate, nikotini hupoteza chaji yake, na katika hali hiyo hupenya ngozi ya shavu kwa urahisi. Magadi yale hayakuhitajika kwa nistatini, lakini uvumilivu wa kuacha kitu shavuni ndio hasa tuliouhitaji, na yeye alikuwa ameuona tangu utotoni.

Madoa ya kahawia

Nilikuwa nimeona jambo jingine nilipoyashika meno ya bandia. Yalikuwa na madoa ya kahawia kwenye mashina ya meno na pembezoni mwa akriliki, na ulimi wake chini ya utando ulikuwa na rangi hiyohiyo. Chai ya rangi hufanya hivyo, na anaipenda, lakini kwa kiasi kile niliona ni vema kuuliza. Ilibainika kwamba pamoja na chupa ya pili aliuziwa katika duka moja dawa ya kusukutua ya klorheksidini, akaambiwa ni ya kusafisha kinywa. Yeye, kwa kufikiri vizuri, aliona ni sahihi kinywa kisafishwe kwanza ndipo dawa iwekwe. Alisukutua klorheksidini, akatema, akafuatisha nistatini papo hapo, mara nne kila siku.

Klorheksidini ni mfano wa dawa inayojua kukaa. Molekuli yake ina chaji chanya, na kuta za kinywa, utando wa mate juu ya meno na bakteria wenyewe wana chaji hasi. Mtu akisukutua kwa dakika moja, takriban asilimia 30 ya dawa hubaki imejibandika na kuachiliwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ndiyo maana mara mbili kwa siku humtosha mtu, na ndiyo maana huacha madoa. Lakini kujibandika huko hakuchagui. Sabuni iliyomo kwenye dawa nyingi za meno, yenye chaji hasi, huikamata na kuizima, na kwa sababu hiyo hushauriwa kuacha nusu saa kati ya kupiga mswaki na kusukutua. Na klorheksidini ikikutana na nistatini, hizo mbili huungana kuwa chumvi isiyoyeyuka vizuri, na zote mbili hupoteza nguvu. Kwa hiyo kile kidogo cha nistatini kilichonusurika na glasi ya maji kilikuta kinywa ambacho kuta zake zimepakwa kitu cha kukizima.

Naliona hili kuwa kosa letu zaidi kuliko lake. Dawa mbili ziliuzwa kwa mtu mmoja, kwa ajili ya sehemu moja ya mwili, na hakuna aliyemwambia ipi itangulie na kwa muda gani.

Chini ya meno ya bandia

Hata kama dawa ingekaa kinywani saa nzima, isingefika mahali ambapo fangasi walikuwa wengi zaidi. Akriliki iliyokaa miaka tisa ina vitundu vidogo ambamo Kandida, fangasi anayeleta ugonjwa huu, hujishikiza na kujijengea makazi. Meno ya juu yote hugandama kwenye kaakaa kwa sababu kati yake na kaakaa kuna utandu mwembamba tu wa mate, ambao karibu hausogei. Huko mate mapya hayaingii, nistatini haiingii, na fangasi hafagiwi. Kinywa cha mama huyu kilikuwa na vyumba viwili: kimoja kikifagiwa kupita kiasi kwa maji, cha pili hakijafagiwa kwa miaka. Kila chupa ilipokwisha, chumba cha pili kiliambukiza cha kwanza upya.

Tulichofanya

Flukonazoli ingewezekana, na katika hali nyingine ningeisisitiza. Yenyewe hufyonzwa vizuri, huingia kwenye damu na kutokea kwenye mate kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu, hivyo inakifikia kinywa kutoka ndani na haijali maji anayokunywa mtu. Kwa mwenye maumivu ya kumeza ndiyo inayotakiwa. Lakini flukonazoli hupunguza kasi ya ini kuvunja amitriptilini, na zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Kwa mama wa miaka 64 ambaye hajawahi kupimwa moyo niliona si busara kuanza nazo pamoja ilhali nistatini haijawahi kutumiwa sawasawa. Zaidi ya hayo meno ya bandia yangebaki na fangasi wake, na ugonjwa ungerudi baada ya vidonge kwisha. Daktari tuliyeshauriana naye alikubali, na yeye ndiye aliyempunguzia amitriptilini na kuisogeza saa ya kuinywa mapema jioni.

Klorheksidini tuliiondoa kinywani kabisa na kuipa kazi nyingine: kulowekea meno ya bandia usiku, baada ya kuyasugua kwa brashi na sabuni ya kawaida, na asubuhi yasuuzwe kwa maji mengi kabla ya kuvaliwa ili isije ikaingia kinywani na kukutana na nistatini. Kuyavua usiku ndilo lililokuwa gumu kwake. Hatukubishana. Nilimweleza kuhusu vile vyumba viwili, na nikamwambia pia kwamba usingizini tezi za mate hupumzika karibu kabisa, hivyo dozi ya mwisho, ikiwekwa baada ya kupiga mswaki na kunywa maji yote anayoyahitaji, meno yakiwa yamevuliwa, ndiyo yenye nafasi ya kukaa muda mrefu kuliko nyingine zote tatu zikijumlishwa. Ikiwa atalazimika kuchagua dozi moja tu ya kuifanya vizuri, achague hiyo. Nadhani ni hoja hii iliyomshawishi, maana alikuwa mtu wa hesabu; aliwahi kuuza samaki feri kwa miaka mingi.

Kiasi cha dawa tulikiongeza hadi mililita 4, kwa sababu mililita moja ni kidogo kwa kinywa chenye eneo la sentimita za mraba zaidi ya 200, na tulimpa chupa za kutosha siku kumi na nne. Nyingi za dawa hizi zina sukari, na utamu huamsha mate, hivyo nilimwandaa kwamba atahisi kutaka kumeza mapema na avumilie. Kiu tuliitafutia wakati wake: anywe maji kabla ya dozi, si baada yake, kwa nusu saa.

Tuliandika maelezo upya, kwa maneno aliyoyakubali yeye na aliyoweza kuyasoma mjukuu: "Vua meno. Kunywa maji kwanza. Tikisa chupa. Weka nusu shavu la kulia, nusu shavu la kushoto. Eneza kwa ulimi. Vuata mpaka nyimbo mbili ziishe, ndipo umeze. Usile, usinywe, usivae meno kwa nusu saa." Nyimbo mbili lilikuwa wazo la mjukuu, kwa kuwa nyumbani kuna redio na hakuna saa ya ukutani. Nyimbo za redio huzidi dakika tatu kila moja, na mimi nilikuwa nimetaka angalau dakika mbili, kwa hiyo sikuwa na pingamizi.

Maendeleo

Siku ya tano alirudi akiwa na wasiwasi kwamba chupa zinakwisha upesi mno, jambo tulilokuwa tumelitarajia. Utando ulikuwa umetoka mashavuni, na ulimi ulikuwa na alama chache tu. Kaakaa lilikuwa bado jekundu, ila lile la kuwaka lilikuwa limepungua kiasi cha kumwezesha kula mchuzi wa samaki wenye ndimu. Siku ya kumi na moja sikuona utando wowote. Tuliendelea hadi siku ya kumi na nne, kwa kuwa inashauriwa dawa isiachwe kabla ya kupita angalau saa 48 tangu dalili zilipokwisha.

Wiki ya sita mate yake yalipimwa tena na kupatikana mililita 0.15 kwa dakika, ongezeko ambalo nalihusisha na kupunguzwa kwa amitriptilini, ingawa maumivu ya mkanda wa jeshi yamerudi kidogo na daktari anaendelea kutafuta kiwango kinachovumilika kwa pande zote mbili. Kaakaa limerudi kuwa na rangi ya waridi, isipokuwa ukanda mwembamba upande wa kushoto nyuma, ambako meno ya bandia hayakai tena sawasawa na humsugua. Pembe ya mdomo imefunga na kuchanika tena mara mbili. Daktari wa meno amemwambia kwamba taya lake limesinyaa katika miaka hii tisa, kimo cha meno kimepungua, midomo inakunjamana na mate hutuama kwenye pembe. Yanahitajika meno mapya. Gharama yake anaipanga kwenye malipo ya korosho za shamba la marehemu mumewe. Mpaka hapo, kila usiku anayaloweka kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, analolificha nyuma ya mtungi.